Jinsi ya kumsoma Don Quixote ukiwa na umri wake

Don Quixote, mzee wa kwenye riwaya ya Kihispania aliyevurugwa akili na kusoma hadithi za mashujaa wa kale, anatoka kwake La Mancha, Hispania, kwenda kutafuta ushujaa akiwa anakaribia miaka 50. Mimi nilikifungua kitabu chake nikiwa na 49. Nilikuwa nimeacha kazi ya masijala niliyoifanya miaka 22, najifunza cherehani pamoja na mabinti wa rika la wanangu, na wenzangu wa zamani wa ofisini walicheka sana waliposikia. Sasa nimekisoma mara mbili, mara ya pili na wifi yangu aliyeko Korogwe: sura moja kila usiku, kisha tunatumiana sauti kwenye simu. Mtu akiniuliza namna ya kukisoma, namwambia haya.

Tafuta nakala kwanza. Miguel de Cervantes aliandika kwa Kihispania. Sisi tulisoma kwa Kiingereza. Tafsiri ya John Ormsby ya mwaka 1885 inapatikana bure kwenye intaneti, katika Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure, ila Kiingereza chake ni cha kizamani. Ukiwa na uwezo wa kununua, chukua ya Edith Grossman ya 2003, inateleza zaidi. Hakikisha una sehemu zote mbili: ya 1605 yenye sura 52, na ya 1615 yenye sura 74. Wengi wanajua tu habari za vinu vya upepo anavyovishambulia akidhani ni majitu, na vinu hivyo viko sura ya 8. Mbele yako kuna safari nzima bado.

Utangulizi na yale mashairi ya mwanzo yaache kwanza. Ingia sura ya 1, na ukifika pale anapotengeneza kofia ya vita, punguza mwendo. Silaha ni za mababu zake, zimeota kutu, na kofia aliyonayo haina cha kufunika uso. Anaunda kipande hicho kwa karatasi ngumu. Kisha anachukua upanga aipime: pigo moja, kazi ya wiki nzima imesambaratika. Anaiunda upya, safari hii anaweka vyuma kwa ndani, halafu haipimi tena. Anaitazama, anaikubali kuwa ni kofia nzuri kabisa, anaendelea na maandalizi.

Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Gauni langu la kwanza la mteja lilikuwa la zipu ya kuficha, nami niliifumua mara mbili. Mara ya tatu nilipoimaliza, sikuivuta. Nililipiga pasi nikalitundika ukutani, nikasubiri mwenyewe aje. Anayemwita yule mzee kichaa kwa sababu ya ile kofia hajawahi kuanza jambo akiwa mtu mzima.

Usione haya kuruka. Sura za 33 hadi 35 za sehemu ya kwanza zina hadithi nyingine kabisa iliyopachikwa humo, habari ya mume anayemtaka rafiki yake amjaribu mkewe. Ni nzuri, lakini inakata mwendo, utairudia baadaye. Ila ile ya mateka, sura ya 39 hadi 41, usiiruke. Cervantes mwenyewe alijeruhiwa mkono wa kushoto kwenye vita vya majini vya Lepanto mwaka 1571, akatekwa baharini 1575, akakaa utumwani Algiers, Afrika Kaskazini, miaka mitano. Sehemu ya kwanza ilipotoka alikuwa na miaka 57.

Sancho Panza msome kwa sauti. Huyu ni mkulima anayemfuata bwana wake juu ya punda, na kinywa chake hakiishiwi methali. Anazipanga tano kwa pumzi moja, zinazohusu na zisizohusu, mpaka bwana wake anamgombeza. Mimi na wifi tulikuwa tunamjibu kwa za kwetu. Msomaji anayejua Kiswahili ana bahati hapa, maana kila mmoja wetu ana mjomba wa namna hiyo.

Sasa sehemu ya pili, ambako wengi huishia njiani. Nakuomba usiishie. Kazi yako humo ni moja: kila sura, jiulize ni nani anayecheka. Watu ambao Don Quixote anakutana nao sasa wameshasoma sehemu ya kwanza, wanamjua. Mtawala mmoja na mkewe wanamkaribisha kwao, wanamtayarishia vituko vya uongo ili wapate kuburudika. Sancho wanampa "kisiwa" akitawale, na ni mji tu wa nchi kavu. Naye anaamua kesi za watu kwa busara kuwashinda waliomtuma kwa mzaha. Kwenye sura ya 53 amechoka; anakwenda zizini, anamkumbatia punda wake, anambusu usoni huku analia, anamtandika mwenyewe, anaondoka. Nilikumbuka kicheko cha ofisini kwetu. Nikakumbuka pia mara ngapi nilikuwa upande wa wanaocheka.

Sura ya 74 usiisome peke yako. Mzee yuko kitandani, akili imemrudia, anasema yeye si Don Quixote tena, ni Alonso Quijano. Sancho, aliyekuwa akimwambia siku zote kwamba yale ni vinu na si majitu, ndiye sasa anamsihi ainuke, wavae kama wachungaji waende mashambani kama walivyopanga.

Usiku ule sauti ya wifi ilichelewa. Ilipokuja, nusu yake ilikuwa kimya. Kisha akasema, "Wifi, mbona wamemponya?"

Nikampigia. Tukayasoma tena maneno ya Sancho, yeye kule, mimi huku, kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya mguu wa cherehani.