Usukani ukilia, usikimbilie pampu

Juzi shemeji kaniletea Corolla 110 yake. Kwenye foleni ya feri Likoni, akikata kona polepole, usukani unalia na kuwa mzito. Fundi alishamwambia anunue pampu ya usukani (pawa stiringi). Mimi mwenyewe niliwahi kununua mbili za mtumba bure, basi tukaanza mwanzo.

1. Mkanda unaozungusha pampu. Ukiwa na nyufa, badilisha, ukilegea, kaza.

2. Mafuta. Toyota za umri huu hutumia ATF (mafuta ya gia otomatiki), Dexron II au III. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, mwaga. Mafuta ya breki usitie kamwe, yanaua sili, zile raba za kuzuia kuvuja.

3. Hewa. Hapa ndipo niliwahi kupoteza siku mbili. Washa injini, mwenzio azungushe usukani, wewe chungulia kwenye mtungi wa mafuta ya usukani. Kuna povu? Zima. Baada ya kuzima, mafuta yakipanda zaidi ya milimita 5, yamebeba hewa.

Sasa hewa imepitia wapi na chini hakuna hata tone? Tazama mpira mnene unaotoka mtungini kwenda kwenye pampu. Upande huo pampu inanyonya, haisukumi, kwa hivyo mpira uliokauka huvuta hewa bila kuvuja. Wa shemeji niliubonyeza kwa kidole gumba, haukubonyea. Klipu nayo ililiwa na chumvi upande wa chini. Niliiona kwa kioo cha kunyolea. Kuhakikisha, paka grisi kwenye kiungo: mlio ukipungua, umempata mwizi.

Nunua mpira wa mafuta. Ule wa rejeta, hata muuzaji aape, utalainika na kuvimba. Klipu za springi zilizochoka mimi sizirudishi, naweka za skrubu. Oringi (pete ya raba) ya kwenye mdomo wa pampu badilisha papo hapo, ni pesa ndogo.

4. Kutoa hewa. Inua magurudumu ya mbele, weka stendi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara 20 hivi, huku ukijaza ATF. Ndipo uwashe. Usiushikilie mwisho zaidi ya sekunde 10, pampu inachemka.

5. Mafuta yanapungua, hayavuji, na ekzosi inatoa moshi? Chomoa kimpira chembamba kitokacho kwenye pampu kwenda injini. Kikiwa kimelowa ATF, valvu ya pampu imekufa. Hapo sawa, nunua valvu hiyo.

Ya shemeji ilinung'unika mpaka kesho yake, ikanyamaza. Pampu ni ile ile.