Kumfunza mtoto jina la chombo kigeni, na kazi yake

Mpe mtoto wa miaka miwili kifumbu, kile kifuko kilichosukwa cha kukamulia tui la nazi, umwonyeshe jinsi ya kukamua, na muda si muda atakuwa anakikamua mwenyewe juu ya karai. Muulize kinaitwaje, atakutazama tu. Ni jambo la kawaida. Mwaka 2010 watafiti Erin Hahn na Lisa Gershkoff-Stowe walionyesha kwamba watoto wadogo, na hata watu wazima, hushika kitendo cha kitu kipya kwa wepesi kuliko jina lake. Kwa hivyo mkono ukijua, usidhani jina nalo limeingia. Jina lina kazi yake mbali, na ndiyo kazi kubwa.

Vyombo

Tafuta vitatu asivyovijua, visivyofanana umbo, kila kimoja na kitendo chake: kifumbu (kukamua), kawa (kufunika), kipepeo cha jiko (kupepea). Katika nyumba nyingi mjini tui siku hizi ni la blenda au la pakiti, kwa hivyo kifumbu kinaweza kuwa kigeni hata kwa mtoto wa Mji wa Kale. Mbuzi ya kukunia nazi iache, meno yake yanakata. Kipepeo mfunze jiko likiwa halina moto.

Kata na upawa usivianze pamoja. Vyote ni kifuu chenye mpini, na mtoto wa umri huu akishapata jina hulipeleka kwa kila kitu chenye umbo lile. Akiita kata upawa, hajakosea kwa uzembe, amefuata umbo. Baadaye, jina la kwanza likishakaa, mpe vyote viwili kila kimoja na kazi yake: kata ateke maji mtungini, upawa apakue mchuzi.

Jina

Funza chombo kimoja kwa wakati mmoja, dakika tano hivi, akiwa ameshiba na hana usingizi.

1. Weka kifumbu karibu yake, kisha ngoja. Usimgeuze kichwa wala usimwondolee anachochezea.
2. Akikitazama au kukigusa, hapo ndipo useme. Jina linalotajwa kwa kitu ambacho mtoto tayari anakiangalia hushika vizuri kuliko lile la kumvuta aache alichonacho.
3. Kiinue, ukitazame wewe pia, useme kwa sentensi fupi jina likiwa mwishoni: "Hiki ni kifumbu. Shika kifumbu. Lete kifumbu." Mara nne au tano zatosha.
4. Mwachie akishike, akigeuze, akinuse. Nawe nyamaza.

Wengi huharibu hatua ya nne, kwa kuanza kuuliza "Hii ni nini? Sema ki-fu-mbu!" Mtoto huelewa neno mapema kuliko anavyoweza kulitamka, na kumshurutisha aseme humfanya akikimbie chombo chenyewe.

Kitendo

Tia konzi moja ya chicha na nusu kikombe cha maji ndani ya kifumbu, na karai chini. Karai lenye maji usimwache nalo peke yake hata kidogo.

Taja kitendo kabla ya kukitenda: "Haya, tukamue," tua kidogo, kisha kamua. Ukisema huku mkono unaendelea, macho na akili yake vyote viko kwenye maji yanayotiririka, neno linampita. Tumia pia kitenzi kitupu: "Kamua! Kamua tena!" Ukisema "ninakikamua" kila mara, kamua yenyewe inafunikwa na viambishi, na mtoto anayeisikia kwa mara ya kwanza ana kazi ya kuichambua.

Mikono yako yote miwili iwe huru. Mwaka 2002 György Gergely na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi 14 mtu akiwasha taa kwa kuigusa na paji la uso. Mikono yake ilipokuwa huru, watoto wengi waliiga kutumia kichwa. Ilipokuwa imeshughulika na shuka aliyojifunika, wengi walitumia mkono tu. Mtoto hupima kwa nini umefanya hivyo. Ukimwonyesha kwa mkono mmoja, simu iko mkono wa pili, hana njia ya kujua kipi ndicho cha kuigwa.

Kurudia

Rudia siku nne, kidogo kidogo. Kutaja neno mara ishirini asubuhi moja hakulipi. Kwa watoto wa miaka miwili, idadi ya siku ina uzito kuliko idadi ya marudio ya siku moja. Njia nzuri ni kukiingiza chombo katika shughuli ya nyumba: kawa litajwe kila sinia ya chakula cha mchana inapofunikwa.

Kupima

Hapa wazazi hujidanganya. Ukiweka kifumbu kati ya kijiko na kikombe, ukasema "Nipe kifumbu," atakupa kifumbu hata kama jina amelisikia sasa hivi tu. Vile viwili ana majina yake tayari, basi hiki kilichobaki ndicho. Jessica Horst na Larissa Samuelson, mwaka 2008, walikuta watoto wa miaka miwili wakichagua sawasawa kwa namna hiyo, halafu baada ya dakika tano jina limepotea. Walioweza kulikumbuka ni walioonyeshwa kitu kikiinuliwa na kutajwa waziwazi.

Kwa hivyo pima kesho yake, asubuhi. Panga kifumbu, kawa na kipepeo mkekani, vyote umbali mmoja. Mtazame mtoto usoni, usitupie jicho chombo unachotaka, maana atafuata macho yako. Omba kimoja, kisha badilisha nafasi na urudie mara mbili. Akipata zote tatu, mpe kifumbu kingine, kikubwa zaidi au kikuukuu, uone kama jina linakwenda nacho.

Akikosa, rudi kwenye kuinua na kutaja, bila kumwambia "sivyo".

Mtoto aliyefika miezi 18 bila neno hata moja, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au aliyekuwa na maneno yakapotea, mpeleke kliniki, na uombe masikio yapimwe kwanza.