Namna ya Kuchagua Neno la Kiingereza kwa Jambo Lisiloingia Akilini

Wengi wanaojifunza Kiingereza hufika mahali wakawa na neno moja tu la kueleza kila jambo lisiloingia akilini, na mara nyingi neno hilo huwa "illogical". Katika kazi yangu ya kufundisha na kuhariri maandishi ya lugha hiyo, nimeona kwamba tatizo haliko kwenye uchache wa msamiati, kwa kuwa kamusi yoyote ya visawe itakupa maneno kumi kwa mkupuo. Tatizo ni kwamba mwandishi hajiulizi, kabla ya kuchagua, ni kitu gani hasa kilichokwenda kinyume na mantiki.

Hatua ya kwanza: tambua mantiki ilipovunjika

Chunguza iwapo kasoro iko kwenye hoja, kwenye mwenendo wa mtu, au kwenye tukio lenyewe. Hoja ambayo hitimisho lake linapingana na misingi yake ni "illogical". Na iwapo hitimisho limezuka tu bila kuhusiana na yaliyotangulia, Kiingereza kina istilahi ya Kilatini, "non sequitur", yaani haifuati. Mtu anayesukumwa na hofu au hasira badala ya akili ni "irrational". Ndiyo maana anayeogopa kupanda lifti, ilhali anajua vizuri kwamba ni salama, husemwa kuwa na "irrational fear", na ukiandika "illogical fear" msomaji mzoefu atasita kidogo, kwa sababu hofu si hoja. Jambo ambalo sababu yake haionekani ni "inexplicable".

Tofauti hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Tazama sentensi mbili: "His anger was irrational" na "His anger was inexplicable". Ya kwanza inamhukumu mwenye hasira, ilhali ya pili inasema tu kwamba chanzo cha hasira hiyo hakijulikani, na huenda kikapatikana kesho. Mwandishi wa ripoti anayezichanganya anaweza kumtuhumu mtu bila kukusudia. Vivyo hivyo, "unreasonable" halihusu mantiki moja kwa moja, bali kiasi na haki: madai yanaweza kupangwa kwa mantiki safi kabisa na bado yakawa "unreasonable demands", kwa kuwa yanamtaka mtu atoe kupita kiasi.

Hatua ya pili: tenga lisilo kweli na linaloonekana tu kuwa si kweli

Hapa ndipo wanafunzi wazuri hujikwaa. Chukua kundi la watu 23 waliokutana kwa bahati tu. Uwezekano kwamba angalau wawili kati yao walizaliwa tarehe na mwezi mmoja unazidi kidogo nusu. Wengi wakisikia hivyo hukataa, kwani mwaka una siku 365. Lakini watu 23 wanaunda jozi 253, na kila jozi ni nafasi ya tarehe kugongana. Matokeo haya hayawezi kuitwa "illogical", kwa kuwa ni hesabu sahihi. Neno lake ni "counterintuitive": linapingana na hisia zetu za awali, wala halipingani na ukweli.

Neno "paradox", lenye asili ya Kigiriki na maana ya kilicho kinyume na rai ya watu, limesimama katikati. Hutumika kwa kauli inayoonekana kujipinga lakini ikificha ukweli, na pia kwa kauli isiyo na njia ya kutokea, kama mtu anayesema: "Sentensi hii ni ya uongo." Ikiwa ya kweli, basi ni ya uongo, ikiwa ya uongo, basi ni ya kweli. Kauli mbili ambazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja ni "contradiction" tu, na ningeomba neno "paradox" lisitumike kuzipamba.

Hatua ya tatu: pima ukali

Panga maneno kuanzia la upole. Maelezo yasiyoaminika kwa urahisi ni "implausible". Yaliyovutwa kwa nguvu ili yatoshe ni "far-fetched". Yanayokiuka akili waziwazi ni "absurd". Yanayostahili kuchekwa ni "ludicrous". Na yanayoudhi kwa upuuzi wake ni "preposterous". Katika barua ya kikazi nashauri uishie kwenye "implausible", kwa sababu yanayofuata yanaanza kumgusa mtu badala ya hoja yake. Ukilazimika kutumia "absurd", litilie nguvu kwa "utterly" au "completely". "Very" hulegeza neno ambalo tayari limefika kileleni.

Hatua ya nne: liangalie jambo lenyewe kabla ya kulihukumu

Hali inayofanana na ndoto, hata ikiwa ya furaha, ni "surreal". Neno hilo limetokana na mkondo wa sanaa uitwao "surrealism": mshairi Guillaume Apollinaire alibuni asili yake ya Kifaransa mwaka 1917, na mwandishi André Breton akatoa ilani ya mkondo huo mwaka 1924. Urasimu unaomzungusha mtu bila kumweleza kosa lake ni "Kafkaesque", kutokana na mwandishi Franz Kafka. Kanuni inayojifunga yenyewe ni "Catch-22", jina la riwaya ya Joseph Heller ya mwaka 1961, ambamo rubani wa kivita anayeomba kupumzishwa kwa sababu ya wazimu huhesabiwa kuwa mzima, kwa kuwa kuikimbia hatari ni dalili ya akili timamu. Usiliite "Catch-22" kila tatizo gumu. Sharti njia ya kutokea iwe imezibwa na kanuni ileile inayoiahidi.

Hatua ya tano: kagua tahajia

Kiambishi cha ukanushi "in-" hubadilika kufuata herufi inayokifuata: huwa "il-" mbele ya l, "ir-" mbele ya r, na "im-" mbele ya p, b au m. Kwa hiyo "illogical" lina l mbili na "irrational" lina r mbili. Andika "Kafkaesque" na "Catch-22" kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi.