Jinsi ya kufanya watu wajisikie watu kazini: anza na kibarua wa getini

Mwezi wa saba hapa Njombe, kusini mwa Tanzania, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu unakuwa umelala chini kabisa, unaona taa ya geti tu, na chini ya hiyo taa kuna kina mama na vijana wamejifunga vitenge na mashuka mazito, mikono kwapani, wanasubiri wahesabiwe ndo waingie kupaki parachichi. Mimi nimeanza kama kibarua kwenye meza ya kusoti, yaani kuchambua matunda, saa hizi ni supavaiza, na kila nikisikia bosi anasema anataka kuboresha mazingira ya kazi namwambia njoo kwanza usimame hapa getini nusu saa kama wao, acha gari nyumbani, halafu ndo tuongee. Mana wengi wanaanza na tisheti zenye nembo na keki ya besdei ya meneja, wakati yule aliyesubiri kwenye baridi hana hata pa kuweka mfuko wake wa chakula.

Kwahiyo ukitaka watu wako wawe na amani na wajione ni wa hapo, anza na anayelipwa kidogo kuliko wote, halafu panda juu. Ukianzia juu haifiki chini, nimeliona hilo sehemu zaidi ya moja.

Siku ya kwanza usinunue kitu chochote. Chukua daftari, shinda naye shifti nzima mezani, andika amesimama muda gani kabla ya kazi kuanza, amekula wapi, choo kiko mbali kiasi gani na kama kina maji na pa kutupia pedi, nani amemwita kwa jina na nani amemwita "we dada". Hilo la jina usilichukulie poa. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi tulikuwa tunaitwa kwa namba, "kumi na saba njoo hapa", miezi mitatu mimi ni kumi na saba, nikitoka getini jioni ndo narudi kuwa mtu. Leo nikipokea mgeni naandika jina lake na la mwanae wa kwanza kama anaye, kwa sababu huku kwetu mwanamke mzima unamwita mama fulani, na asubuhi namsalimia hivyo, kamwene mama nanihii, umeamkaje. Haigharimu hata mia.

Baada ya hapo nenda kwenye chai. Utacheka ila chai ndo inaonyesha nani ni nani. Hapo hapo nilipokuwa namba, waajiriwa wa ofisini walikuwa na chupa yao ya chai ya maziwa na maandazi ndani, sisi tunakaa nje juu ya makreti yaliyogeuzwa tunakunywa maji tuliyobeba, na mlango uko wazi, harufu ya hiliki inatufikia vizuri tu. Hakuna aliyetutukana, ila ule mlango ulikuwa unaongea kila siku saa nne. Nilipopata nafasi ya kuamua kitu kidogo nilianza na hapo, sufuria moja la uji wa ulezi, vikombe vya aina moja, meneja anakunywa kikombe kile kile na anapanga foleni ile ile. Unga kilo moja na nusu na sukari kilo moja tunahudumia watu kama 40, kikombe kikombe, kuni zipo, na mtu akishashika kitu cha moto saa nne mikono inarudi kufanya kazi, tunda halimponyoki.

Na hili la kuponyoka ndo kiini cha kazi yetu ngoja nilielezee vizuri. Parachichi la Hass likianguka leo kwa nje huoni kitu, ni gumu, ganda zito, linang'aa kama wenzake, jeraha linakuja kujitokeza likishaiva, na matunda yanayokwenda Ulaya kwa meli yanakaa kwenye kontena la baridi wiki kadhaa, kwahiyo wa kwanza kuliona hilo doa jeusi ni mteja huko mbali akilikata kwa kisu. Anayejua lilianguka ni mtu mmoja tu duniani, yule aliyeliangusha. Sasa ukiweka sheria kwamba anayeangusha anakatwa hela, unafikiri atafanya nini? Ataokota haraka, atafuta na aproni, atalirudisha kwenye kreti. Hata mimi nilifanya hivyo wakati ule, elfu moja ya kukatwa ilikuwa ni mboga ya nyumbani. Siku hizi kwenye meza yangu kuna kreti ya njano imewekwa pembeni, lililoanguka linaingia humo, haulizwi mtu, jioni tunahesabu, yakizidi tunaangalia meza ina tatizo gani, mara nyingi utakuta ni sakafu inateleza au kreti zimepangwa juu sana kwa watu wafupi. Kuna mama mmoja wiki ya kwanza tu alikuja kuniambia kwamba jana yake alirudisha matunda mawili kimya kimya kabla hajajua utaratibu na kreti anaikumbuka ilipo. Tukaenda tukayatoa. Nikamwambia hapo hapo mbele ya wenzake, mama asante, umeokoa boksi zima lisirudishwe. Tangu siku ile wengine nao wanasema. Yaani usalama wa moyo kazini kwa lugha ya kwetu ni hiyo kreti ya njano, na kila kazi ina ya kwake, fundi seremala ana ya kwake, nesi ana ya kwake, mhasibu vilevile, we tafuta yako iko wapi.

Ila kabla ya asante, lipa. Asante bila malipo kwa wakati inaumiza zaidi kuliko kunyamaza. Kama hela itachelewa sema mapema kabla Jumamosi haijafika, sema wewe mwenyewe kwa mdomo wako, sema tarehe, na hiyo tarehe ishike. Na saa za kazi zijue, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, mtu akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya dakika 60, na ovataimu ni mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Najua lori likishafika linangoja kontena lijae, watu wanasukumwa mpaka usiku, nimekuwepo, ila kama lazima iwe hivyo basi uliza nani anaweza kubaki badala ya kufunga geti, na panga usafiri wa kurudi, usimwachie binti atembee barabara ya giza saa tatu usiku kisa parachichi za watu.

Mama anayenyonyesha, sheria hiyo hiyo inampa mpaka saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mtoto. Wengi hawajui na wengine wanajua wananyamaza. Usimpe stoo ya madawa na makreti akanyonyeshee humo, tafuta chumba chenye dirisha, weka mkeka, kiti chenye mgongo, beseni la maji, pazia. Sisi tulimwaga vitu kwenye kachumba ka walinzi ka zamani tukakapiga chokaa, siku mbili kazi imeisha, na dada wa kazi analeta mtoto saa nne na saa nane anajua njia mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo huku kwetu lazima tulisemee wazi. Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 yalionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Maana yake ukiwa na meza ya watu 30 Njombe jua kabisa unao wenzako wanaotakiwa kwenda CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU, kuchukua dawa, na dawa akiinywa vizuri anaishi na anapiga kazi kama wewe. Sasa kama ruhusa kwako inaombwa mbele ya watu na mtu anaulizwa anaumwa nini, unamlazimisha achague kati ya siri yake na dawa yake. Weka utaratibu wa wote, kila mtu ana nusu siku ya kliniki kwa mwezi, haulizwi ya nini, anayekwenda kupima presha, anayepeleka mtoto chanjo, anayekwenda CTC, wote wanasaini daftari moja na neno ni moja, kliniki. Na msimamizi asiwe mtu wa kubeba maneno. Nakuomba sana kwenye hili, mtu akikuamini akakuambia hali yake, usimwambie hata mke wako.

Kwa wenye ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Ila kumwajiri ni nusu ya kazi. Tulipata kijana kiziwi, macho yake kwenye kusoti ni ya ajabu, doa dogo namna gani analiona, lakini wiki mbili za kwanza alikuwa anabaki peke yake mezani wenzake wameshaenda kula kwa sababu matangazo yetu yote yalikuwa ya kupiga kelele. Tukanunua ubao mweupe, kila kitu kinaandikwa, muda wa kula, muda wa lori, mabadiliko ya saizi, na dada anayekaa naye akajifunza ishara, naye akatufundisha sisi. Kumbe ubao ulikuwa unahitajika na wote, kelele za mashine pale hata wanaosikia walikuwa hawasikii.

Lugha nayo. Mezani wengi ni Wabena, wakianza Kibena kinatiririka na kinapendeza, sikatai, ni lugha ya nyumbani. Ila kuna dada alitoka Mbeya, Mnyakyusa, alikuwa anacheka wakicheka bila kujua wamecheka nini, na kuna siku alikosa maelekezo ya kazi akaharibu boksi nne. Tulikubaliana hivi, stori endeleeni kwa lugha yenu, neno la kazi ni Kiswahili, na mgeni akikaa mezani mmoja anamtafsiria. Utani wa makabila uwepo, huku tumezaliwa nao, ila anayetaniwa akinyamaza mara mbili basi acha. Na kumshika mwanamke mwili siyo utani hata siku moja, hiyo mtu anaitwa ofisini siku hiyo hiyo.

Sasa kushukuru. Watu wanasubiri Mei Mosi, anatajwa mfanyakazi bora mmoja, bahasha, picha, basi mpaka mwakani, na mara nyingi ni wa ofisini kwa sababu kibarua hata kwenye orodha hayumo. Sisemi uache, sherehe ile ni nzuri, ila muweke kibarua kwenye orodha na wanaokaa naye meza moja ndo wachague. Katikati ya mwaka shukuru ndani ya siku hiyo hiyo, taja jina, taja alichofanya, taja kimesaidia nini, sentensi tatu zinatosha, kama nilivyomwambia yule mama. "Hongereni wote kwa kazi nzuri" kwenye grupu la WhatsApp haimgusi mtu, na nusu ya vibarua hawana simu ya kuingia WhatsApp.

Zawadi uliza. Mwaka mmoja uongozi ulitaka kugawa makoti yenye nembo, nikaomba tuulize kwanza, watu wakasema mbolea. Msimu wa mvua unaanza, kila mmoja ana kashamba kake ka mahindi au viazi, mfuko wa mbolea mwezi wa kumi na moja ni mavuno ya mwakani. Na sherehe ya kufunga msimu ifanye mchana, wali nyama na soda, ulanzi na bia atakaye akanywe baadaye, kwa sababu ukiifanya usiku baa unakuwa umeshawatoa walokole, Waislamu, na kina mama wenye watoto wadogo.

Msiba ukitokea usitume mtu, nenda. Sheria inatoa siku 4 za ruhusa yenye malipo mfanyakazi akifiwa na mwenza, mtoto, mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye, babu, bibi au mjukuu, lakini siku ni kitu kimoja na sura yako pale kwenye turubai ni kitu kingine. Na rambirambi ya kibarua iwe kiasi kile kile cha rambirambi ya mhasibu.

Boksi la maoni sikushauri, watu wanajuana miandiko. Mimi Ijumaa napita meza kwa meza nauliza maswali mawili tu, wiki hii nini kimekuchosha na nani amekusaidia. Naandika. Jumatatu narudi na majibu hata kama jibu ni hapana, nasema hapana na kwanini, mana ukiuliza ukapotea mara mbili hawakwambii tena. Hilo swali la pili ndo linanipa watu wa kuwashukuru, bila hilo ningekuwa nashukuru wanaojionyesha mbele yangu tu.

Bosi akikwambia hana bajeti usibishane naye, omba vitatu tu kwanza, geti lifunguliwe wakifika wakasubirie ndani kwenye bati, sufuria la uji, na malipo Jumamosi kabla ya saa kumi. Vingine utavidai baadaye akishaona watu hawakimbii kwenda kiwanda cha jirani.

Siku ya mwisho ya msimu mimi nabaki getini na daftari, kila anayetoka namshika mkono, naandika namba yake, asiyekuwa na simu naandika ya jirani, namwambia tunategemea kuanza tena lini. Ikikaribia nawapigia mmoja mmoja, mimi mwenyewe, naanza na salamu na habari za mtoto, kazi inakuja mwishoni.