Bima ya wizi wa wafanyakazi: anza na daftari la stoo

Nauza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Siku moja tulihesabu mzigo, majora kumi na moja hayapo. Nikakimbilia bima yangu ya wizi. Nikaulizwa, "Mama, mlango umevunjwa?" Kufuli lilikuwa zima. Bima ile hailipi anachoiba mfanyakazi wako mwenyewe.

Unayoitaka inaitwa bima ya uaminifu wa wafanyakazi. Tafuta wakala au dalali aliyesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mwambie hivyo hivyo. Atakuuliza unakata kwa majina au kwa vyeo. Mimi nilichagua vyeo: keshia, mtu wa stoo, na dereva anayepeleka pesa benki. Kariakoo keshia anaweza kuondoka Ijumaa, Jumatatu kaingia mwingine; ukikata kwa majina ukasahau kumwongeza huyu mpya, hana bima.

Kiasi cha bima usikipime kwa mauzo ya mwaka. Jiulize: huyu anaweza kuchukua kiasi gani kabla sijagundua? Keshia wangu nalinganisha lipa namba, risiti za EFD na pesa taslimu kila jioni, kwa hiyo akiiba sana ni ya siku moja. Stoo nilikuwa nahesabu kila miezi mitatu. Hapo ndipo penye shimo, na ndipo nilipoweka kiwango kikubwa.

Fomu ijaze kweli tupu. Ukiandika unahesabu kila wiki na huhesabu, siku ya kudai kampuni ya bima itaomba hizo karatasi. Weka pia barua za waajiri wa zamani na nakala za NIDA.

Jambo linalowaumiza wengi: pengo la hesabu peke yake kwa kawaida halilipwi. Lazima uonyeshe wizi, na nani kaiba. Kwa hiyo kila jora linalotoka stoo sasa lina saini mbili, ya anayetoa na ya anayepokea.

Ukimkamata mtu, ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi mapema, chukua RB, namba ya taarifa yako, polisi, na uiulize kampuni kabla hujamlipa mshahara uliobaki; kwa kawaida unakatwa kwenye hasara. Wala usikubaliane naye alipe kidogo kidogo kabla kampuni haijakubali, unaweza kupoteza fidia. Na ukimsamehe akabaki kazini, akiiba tena ni juu yako.

Hilo la mwisho niliwasomea mawifi zangu kutoka kwenye mkataba, walipokuja na kijana wao niliyemkamata wakisema, "Wifi, haya tuyamalize nyumbani."