Jinsi ya Kuandika Maoni Kuhusu Picha ya Toulouse-Lautrec ya Wanawake wa Danguro

Anayetakiwa kuandika maoni kuhusu "Saluni ya Mtaa wa Moulins", picha ya ukumbi wa danguro ambayo Henri de Toulouse-Lautrec aliichora mjini Paris mwaka 1894, huvutwa upesi na mambo mawili: kuwalaani wanawake waliomo, au kuwasikitikia. Yaahirishe yote mawili. Picha hiyo imo katika jumba la makumbusho la mchoraji huyo mjini Albi, kusini mwa Ufaransa, mji aliozaliwa mwaka 1864, lakini nakala nzuri ya kwenye intaneti itakutosha kwa kazi hii, mradi uweze kuikuza na kuipitia kipande kwa kipande. Andika kwanza yale tu ambayo jicho linayaona, bila kivumishi cha sifa wala cha lawama.

Utaona ukumbi wa fahari wenye makochi mekundu, na juu yake wanawake walioketi, baadhi yao wakiwa na shimizi na soksi ndefu. Aliye mbele kabisa, ambaye wanahistoria wa sanaa humtambua kwa jina la Mireille, ameukunja mguu mmoja juu ya kochi na kuushika, kama aketivyo mtu asiyejali kama anatazamwa. Karibu naye yupo mwanamke aliyevaa gauni lililofunika mwili hadi shingoni, mgongo umenyooka. Huyo ndiye msimamizi wa nyumba, na mavazi yake peke yake yanaeleza nani anaamrisha na nani anaamrishwa. Upande wa kulia mwingine amesimama, naye amekatwa na ukingo wa turubai, yaani kitambaa kilichochorewa picha, sehemu ya mwili wake ikabaki nje.

Ukishamaliza orodha hiyo, jiulize ni nini kinachokosekana. Hakuna mteja hata mmoja, hakuna anayecheka, na macho ya wanawake hao hayakutani ingawa wameketi karibu karibu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito wote wa picha, na ndipo unapopaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine: Toulouse-Lautrec hakuchora tendo wala ushawishi, bali alichora saa za kungoja, yaani ile sehemu ya kazi ambayo mteja haioni na ambayo hakuna anayeilipia. Onyesha jambo hilo kwa ushahidi wa mabega yaliyolegea, nyuso zilizochoka na nafasi tupu ya sakafu iliyo mbele yao, kwa sababu msomaji atakuamini kwa yale utakayomwonyesha kuliko kwa hisia utakazomtajia.

Baada ya hapo linganisha, lakini kwa ufupi. Mwaka 1863 mchoraji Alexandre Cabanel alionyesha Zuhura, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, akiwa uchi juu ya mawimbi, na Mfalme Napoleon III akainunua picha hiyo. Miaka miwili baadaye "Olympia" ya Édouard Manet, inayomwonyesha kahaba wa Paris akimkazia macho mtazamaji, ilizua kelele kubwa. Uchi wa mungu wa kike ulikubalika, uchi wa mwanamke wa mjini ukawa aibu. Wanawake wa Mtaa wa Moulins hawafanani na yeyote kati ya hao wawili, maana hawajipambi kwa ajili yako, wala hawashindani nawe kwa macho.

Taja pia sheria za wakati ule. Madanguro ya Ufaransa yalikuwa halali chini ya uangalizi wa polisi, na wanawake walioandikishwa walilazimika kupimwa na daktari mara kwa mara; mwaka uleule wa 1894 mchoraji huyo aliwachora wawili wakisubiri kupimwa, shimizi zikiwa zimeinuliwa, katika picha iliyopo sasa Washington. Nyumba hizo zilifungwa kwa sheria mwaka 1946. Aya moja yatosha, kwani insha nyingi huzama katika historia na kuisahau turubai.

Kuhusu maisha ya mchoraji, jihadhari. Ni kweli kwamba aliivunja miguu yote miwili akiwa kijana, ikaacha kukua, na kwamba alikaa katika madanguro akichora. Wengi hudai kwamba ulemavu ndio uliomfanya awaelewe wanawake hao. Dai hilo linapendeza, lakini haliwezi kuthibitishwa kwa kuitazama picha. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba alikuwa mwana wa ukoo wa kikabaila, na kwamba aliingia madanguroni na kutoka alipotaka. Swali la kama mtu wa namna hiyo anaweza kuwachora bila kuwatumia lina haki ya kuulizwa, nawe unaweza kulijibu upande wowote ikiwa jibu lako linarudi kwenye kitu kinachoonekana.

Unapowataja waliomo, mwite Mireille kwa jina lake, na wengine uwatambulishe kwa mahali walipoketi na nguo walizovaa. Usiwabunie majina wala visa vya maisha.