Jinsi ya kukagua sevisi chaji kabla ya kutia saini mkataba wa apatimenti Kampala

Ukipewa mkataba wa apatimenti ya Ntinda, Naguru au Kira, macho hukimbilia kodi. Sevisi chaji, yaani mchango wa huduma za pamoja za jengo, hufichwa chini kwa mstari mmoja: "Mpangaji atachangia gharama za jengo." Usiutie saini ulivyo. Kazi yangu ni kusimamia majengo, na ugomvi mwingi ninaoletewa chanzo chake ni mstari huo.

Hatua ya 1: Jua sheria inayokuhusu. Anayenunua apatimenti yenye hati yake yumo chini ya Sheria ya Mali za Kondominiamu ya 2001: wenye nyumba ni wanachama wa shirika la jengo, nalo ndilo linalotoza michango. Mpangaji ana sheria ya 2022, inayozuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Usitegemee kikomo hicho kwenye sevisi chaji. Wapo wanaoiacha kodi palepale wakapandisha huku.

Hatua ya 2: Omba orodha na hesabu za mwaka uliopita. Askari, taka, kunyonya choo, lifti, pampu ya maji, taa za ngazi. Uliza kama taa na pampu zina mita yake ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) au zimeunganishwa na mita ya mtu. Jenereta iulize peke yake: mafuta yamo ndani, au utaletewa bili kila umeme ukikatika?

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mgao. Hapa ndipo pesa zinapopotea. Chukua jengo lenye nyumba 8 za mita za mraba 80 na nyumba 4 za mita 120; jumla mita 1,120. Gharama za mwezi ni shilingi 5,600,000. Kwa ukubwa, kila mita inalipa 5,000: nyumba ndogo 400,000, kubwa 600,000. Mkigawana sawasawa, kila nyumba inalipa karibu 466,700. Mwenye nyumba ndogo anaongeza kama 800,000 kwa mwaka, na sebule yake haijakua hata kidogo.

Hatua ya 4: Tenga matengenezo makubwa. Paa, rangi ya nje, lifti mpya: mpangaji wa mwaka mmoja hayamhusu. Mnunuzi yanamhusu sana, kwa hiyo aulize akiba ya shirika ina kiasi gani.

Hatua ya 5: Ingiza kifungu chako. Mfano:

"Sevisi chaji ni kwa huduma zilizoorodheshwa tu, itagawanywa kwa ukubwa wa nyumba, haitapanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji ataonyeshwa risiti kila baada ya miezi mitatu."

Mwenye nyumba akikataa neno "risiti", mwulize sababu mbele ya dalali.

Mnunuzi aongeze jambo moja: barua ya shirika inayotaja deni la michango la nyumba anayoinunua. Likiwepo, likatwe kwenye bei kabla hujalipa.